Binti wa Zamu

Kabla ya saa mbili asubuhi, Tulinagwe Mwaisaka alikuwa amekwisha kuwa mtoto wa watu watatu. Alianza kuwa mtoto wa kiume wa mzee wa Harbin aliyeilalamikia theluji, akawa binti wa mama kiziwi wa Chengdu, kisha mtoto wa kiume wa mwalimu mstaafu aliyetaka asomewe gazeti zima mpaka matangazo ya vifo. Kati ya ziara na ziara alipewa dakika sita. Alizitumia kuvua kofia, kusugua alama nyekundu iliyoachwa na mkanda kwenye paji la uso, na kunywa chai iliyopoa.

Kituo cha Ziara kilikuwa Iyunga, mkabala na stesheni ya reli ambayo Wachina waliijenga pamoja na kina babu yake. Ukungu wa Mbeya ulikuwa bado umelalia madirisha. Ndani kulikuwa na viti mia mbili na arobaini, safu kwa safu, na katika kila kiti mtu mzima aliyevaa kofia na glavu, akikoroga uji usioonekana, akipapasa mgongo wa mtu aliye kilomita elfu tisa kutoka hapo. Mgeni angedhani ameingia wodi ya wagonjwa wa akili. Waliozoea hawakutazamana.

"Ziara ya nne," mratibu, ile programu iliyowaongoza, ilimwambia sikioni. "Tan Yulian, miaka sabini na minane, Hunan. Mtoto: Luo Min, mhandisi wa bandari, Amerika ya Kusini. Hali ya mtoto: kijani. Karibu nyumbani, Minmin."

Tulinagwe akavaa kofia.

Akafumbua macho jikoni, ghorofa ya sita, saa saba mchana ya huko. Mwili, kama waendeshaji wa kituo walivyoiita mashine waliyoiongoza kwa kofia na glavu, ulikuwa umesimama kwenye kona yake karibu na friji. Ulikuwa na kimo cha mwanamke mfupi, mikono ya mpira laini iliyopashwa joto, na mahali pa uso palikuwa na kioo kilichoonyesha uso wa Luo Min, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja mwenye nywele fupi.

"Mama, nimefika."

Neno la Kichina lilitoka kinywani mwake likiwa na mafua ya asubuhi na lafudhi ya Tukuyu. Likafika Hunan likiwa sauti ya Luo Min.

Bi Yulian hakugeuka. Alikuwa ameketi mezani na rundo la vitunguu saumu mbele yake. "Umekuja kwa sababu leo ni Jumanne."

Mratibu iliandika kwenye pembe ya jicho la kushoto: SEMA UMEMKUMBUKA.

"Nimekuja kwa sababu nimekukumbuka."

"Sheria inasema mara tatu kwa wiki, nawe unakuja mara tatu. Sijawahi kukuona ukija mara ya nne." Akasukuma nusu ya vitunguu upande wa pili wa meza. "Menya."

Wakamenya. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Sheria ya Kuwatembelea Wazazi ilimtaka kila mtoto aonekane mbele ya mzazi aliyefika miaka sabini na mitano, na watoto wa nchi ile ya Wachina, wengi wao wakiwa peke yao tumboni na peke yao duniani, walikuwa wametapakaa kwenye bandari, migodi na mabwawa ya dunia nzima. Kwa hiyo Mwili ukawekwa kila nyumba, ili mtoto aketi kitini huko aliko na kumhudumia mzazi wake kwa mikono yake. Ndivyo wazee walivyoelezwa. Hawakuelezwa kwamba mtoto aliyechoka aliweza kujaza fomu na kumwachia kiti mtu mwingine. Waendeshaji waliapa, mkono kifuani, kutolisema hilo kamwe. Mtoto aliyetembelea, au ambaye mzazi wake alitembelewa kwa niaba yake, alibaki kijani: alisafiri atakavyo, alipandishwa cheo. Aliyekosa alikuwa mwekundu.

Walipomaliza, Bi Yulian alijilaza kwenye kochi akaomba kukandwa tumbo. Limekuwa likimsumbua, alisema, tangu majira ya joto.

Tulinagwe akapaka mafuta ya kafuri viganjani. Glavu zilimrudishia kila kitu: ulaini wa ngozi ya kizee, joto lake, pumzi ikipanda na kushuka. Halafu, chini ya mbavu za kulia, zikamrudishia kitu kigumu, kikubwa kama parachichi bichi. Mikono yake ikasimama.

"Nini?" aliuliza Bi Yulian.

"Hakuna, Mama. Vidole vimekuwa baridi kidogo."

* * *

Siku kumi baadaye Meneja Qin alimwita ofisini. Qin Haoyu alijifunza Kiswahili darasani Beijing, na kilichobaki alikikamilisha katika soko la Mwanjelwa akibishania bei ya viazi. Macho yake siku zote yalikuwa ya mtu aliyetoka safari.

"Dada Tuli, kaa. Ule uvimbe ulioripoti, wameupima. Ni saratani." Akageuza kioo cha kompyuta ili aone. "Daktari anasema nusu kwa nusu. Akipasuliwa anaweza kuishi miaka minne, na anaweza pia asiamke mezani. Asipopasuliwa ni miezi."

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Hataki kusema. Anasema atamjibu Minmin tu."

"Basi Minmin apigiwe."

Qin akahesabu kwa vidole. "Tumempelekea ujumbe mara saba. Amejibu mara moja: 'Endeleeni kama kawaida.'"

"Ana akili timamu yule mama. Kwa nini asiamue mwenyewe?"

"Mtu wa umri ule hapasuliwi mpaka mtoto atamke." Qin alisema kama anayesoma kitu alichokisoma mara nyingi. "Usidhani sheria ilitungwa na watu wabaya. Zamani watoto walikuwa wanawaacha wazazi kwenye korido za hospitali na kuzima simu. Ikasemwa: lazima mtoto asimame, aseme, arekodiwe. Na ziara iliyorekodiwa ni sawa na mtoto kusimama."

"Lakini hajasimama. Nimesimama mimi."

"Kisheria, ukiwa ndani ya kofia, wewe si wewe."

Nje, kichwa cha treni kilipiga honi. Wote wawili walingoja kinyamaze.

"Mratibu inapendekeza nini?"

"Kupasuliwa. Siku zote inapendekeza kupasuliwa."

"Meneja," alisema Tulinagwe, "baba yako yuko Shandong. Nani anamtembelea?"

Qin alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, taratibu, kioo kimoja kisha kingine. "Sijui. Kituo kingine. Labda Lusaka, labda Kisumu. Ripoti zinasema anafurahi."

"Na wewe?"

"Mimi ni kijani."

* * *

Jumanne iliyofuata Bi Yulian hakuwa jikoni. Alikuwa ameketi kitandani, amevaa koti lake la kutokea na kuchana nywele vizuri.

"Minmin, kaa. Usishike chochote. Kaa tu."

Mwili ukakaa kwenye kigoda.

"Daktari anakungojea useme. Kabla hujasema, kuna jambo. Unakumbuka nilikuwa nikivaa kitambaa chekundu mkononi, nikipita nyumba kwa nyumba?"

Mratibu ilitafuta katika kumbukumbu walizokabidhiwa na Luo Min. Kulikuwa na baiskeli, mbwa aliyekufa, mwalimu wa hesabu. Hakukuwa na kitambaa.

"Kidogo," alisema Tulinagwe.

"Nilikuwa mjumbe wa mpango wa uzazi wa mtaa wetu. Familia moja, mtoto mmoja. Wanawake wote wa kiwanda cha nyuzi, nilijua siku zao kuliko waume zao walivyozijua. Aliyechelewa, nilikwenda kumgongea mlango. Aliyekuwa na mimba isiyo na kibali, nilimpeleka mwenyewe. Sikuwa mkatili, Minmin. Nilikuwa nawapelekea mayai baadaye. Niliamini. Walituambia nchi ni sufuria moja ya wali na midomo ni mingi, na mimi nililala njaa utotoni, kwa nini nisiamini?"

Akaweka mkono tumboni.

"Ulipokuwa na miaka mitatu nilishika mimba mimi mwenyewe. Ilifika miezi mitano. Baba yako alitaka twende kwa dada yake mlimani nikajifungulie huko, watu wengi walifanya hivyo. Nikamwuliza, nikirudi nitawatazamaje wale wanawake? Nikaenda hospitali asubuhi kwa miguu yangu. Hakuna aliyenivuta. Alikuwa wa kiume. Baba yako hakunisemesha mwaka mzima, wewe ukaambiwa Mama anaumwa."

Tulinagwe alihisi jasho likimtiririka ndani ya glavu. Alitamani kuvua kofia. Alitamani mtu amwambie yule mama kwamba mlango uko wazi na mtu wa nje anasikia.

"Halafu upepo ukageuka," Bi Yulian aliendelea. "Wakasema zaeni wawili. Wakasema zaeni watatu. Wakachora familia yenye watoto watatu wanaocheka kwenye ukuta ule ule tulipoandika amri ya mtoto mmoja. Nami nilipita chini ya ukuta huo kila siku nikienda sokoni. Hakuna aliyekuja kuniambia kitu. Hakuna aliyesema, Yulian, tulikosea, au, Yulian, ulikosea."

Akainua macho akautazama uso kwenye kioo.

"Nilikunyima mtu bila kukuuliza. Angekuwapo, ungekaa huko bandarini kwako kwa amani, yeye angenishika mkono hapa. Leo nakuuliza: unanisamehe? Ukinisamehe nitapanda kitanda cha daktari. Usiponisamehe, sina haja na hiyo miaka minne."

Herufi za kijani zikawaka kwenye jicho la kushoto. SEMA: NIMEKUSAMEHE, MAMA. KUBALI OPERESHENI. Chini yake, kwa herufi ndogo: uwezekano wa jibu kumridhisha mzazi, asilimia tisini na moja.

Yalikuwa maneno machache. Alikwisha kusema uongo mkubwa kuliko huo kwa watu tisa kila siku kwa miaka miwili. Alifungua kinywa, kikakataa.

Hapo akahisi shingo ya Mwili ikianza kusogea. Mwendeshaji akichelewa kujibu, mashine huziba pengo kwa kuitikia kwa kichwa, ili mzee asihisi umbali. Mratibu ikiona kichwa kimekubali, itarekodi kwamba mtoto amekubali. Tulinagwe akainua mikono ya Mwili haraka akakishika kile kichwa kwa viganja viwili, akakizuia kisitikisike.

"Umepatwa na nini?" Bi Yulian alishtuka.

"Kichwa kinaniuma, Mama. Nipe mpaka Alhamisi."

* * *

Jioni hiyo mumewe, Ambakisye, alimwekea ugali na kumwangalia akila.

"Mama Lugano, unaumwa?"

"Nimechoka tu."

"Mbona unaniongelesha kama mimi ni mgonjwa? 'Umekula vizuri? Umelala vizuri?' Tangu umeingia."

Hakuwa amejisikia akisema hivyo. Alitua tonge. "Baba Lugano, mtu akikuomba msamaha kwa kosa alilomkosea mwenzio, na mwenzio hayupo, utampa?"

Ambakisye alikuwa mtu wa kununua viazi Uyole na kuvipakia kwenye malori. Aliyapima maneno kama magunia. "Nitamwambia nitamfikishia mwenyewe."

"Na mwenyewe akiwa hapatikani?"

"Mtu mzima mwenye simu? Anapatikana. Hajatafutwa vizuri."

Siku ya pili yake, kinyume cha kiapo, Tulinagwe alinakili nambari ya Luo Min kutoka kwenye faili. Zamu ilipoisha saa kumi jioni alisimama nyuma ya choo cha kituo, penye upepo, akapiga. Kule ilikuwa asubuhi. Simu ilipokelewa mara ya nne, na sauti aliyoisikia ilimfanya ajishike ukuta. Ilikuwa ile sauti anayoivaa kila wiki mara tatu.

"Nani?"

"Naitwa... mimi ndiye ninayemtembelea mama yako."

Mashine za bandari ziliunguruma kwa mbali. "Hamruhusiwi kupiga."

"Najua. Mama anaumwa sana. Inatakiwa kauli yako."

"Nilisoma. Mratibu inasema apasuliwe. Mwambie apasuliwe."

"Hataki mpaka umjibu jambo. Amekukosea, anasema. Anataka umsamehe."

"Jambo gani?"

"Si langu kulisema. Nimekwisha kusikia lisilonihusu."

Luo Min alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Dada, unajua kwa nini nilikiacha kile kiti? Mwanzoni nilikaa mwenyewe, miezi minane. Tulikuwa tunagombana ziara nzima. Nikajaza fomu. Halafu nikasikiliza rekodi ya ziara yako ya kwanza. Mama alikuwa anacheka. Mimi sijawahi kumchekesha. Nikasema basi, amepata binti mzuri, nimwache naye." Akavuta pumzi. "Nina meli kumi na moja zinazongoja nje. Sijalala vizuri tangu mwaka juzi. Mwambie nimemsamehe, lolote lile. Nakuruhusu. Mimi ndiye mtoto, nakupa ruhusa."

"Huwezi kusamehe usichokijua."

"Kwa nini nisiweze? Watu wanafanya kila siku."

Simu ikakatika. Tulinagwe alibaki ameishikilia sikioni. Sasa alikuwa na kila kitu: pendekezo la mratibu, sheria kama alivyoieleza meneja, ruhusa ya mtoto. Hakubaki mtu wa kumlaumu. Alirudi nyumbani kwa miguu, akalala kabla ya chakula, na hakuota.

* * *

Alhamisi Bi Yulian alikuwa amevaa tena koti lake la kutokea. Kando ya kitanda palikuwa na mfuko mdogo wa hospitali, umefungwa tayari, na kandambili juu yake.

"Haya," alisema. "Sema."

SEMA: NIMEKUSAMEHE, MAMA.

Tulinagwe aliuona ule mfuko. Alifikiri juu ya miaka minne. Ni mingi, miaka minne. Alifikiri pia juu ya mwanamke huyu akipanda kitanda cha daktari, amebeba kifuani neno lililotungwa na programu na kusemwa na mtu asiyemjua, na pengine asiamke tena, akaondoka nalo.

Kando ya sikio la kofia kulikuwa na swichi ndogo, ya mafundi kupimia sauti. Akaibonyeza. Halafu akabonyeza ya pili, na uso wa Luo Min ukazimika kiooni.

"Shangazi Tan," alisema kwa sauti yake mwenyewe, kwa Kichina chake cha Mbeya. "Mimi si Minmin."

Bi Yulian aliangalia kioo cheusi, kisha mlango, kana kwamba sauti imeingilia huko. "Nani huyo? Minmin yuko wapi?"

"Minmin yuko kazini kwake. Mimi nimeajiriwa kukutembelea. Niko Afrika, Tanzania. Ulichosema Jumanne nimekisikia mimi, yeye hajakisikia. Msamaha unaouomba mimi sina. Nisamehe wewe."

Taa nyekundu iliwaka juu ya kiti chake Iyunga. Alisikia hatua za Meneja Qin zikija mbio, zikasimama karibu yake, penye swichi kuu. Akangoja kukatwa. Hakukatwa.

"Tangu lini?" aliuliza Bi Yulian.

"Miaka miwili na miezi minne."

"Siku nilipoanguka bafuni?"

"Nilikuwa mimi."

"Uliniinua. Nilikuwa uchi."

"Nilikuwa mimi, Shangazi."

"Siku ya kumbukumbu ya baba yake? Nilipokuimbia?"

Tulinagwe akaitikia kwa kichwa, na Mwili ukaitikia pamoja naye.

Bi Yulian akaanza kufungua vifungo vya koti lake. Kifungo cha pili kilimshinda. Kwa mazoea Mwili ulinyoosha mkono kumsaidia. Akaupiga ule mkono, na glavu zikamrudishia Tulinagwe lile pigo lote.

"Toka nyumbani kwangu."

"Shangazi, daktari anangoja..."

"Mimi nimewafanyia watu mabaya nikiwatazama usoni! Kwa jina langu! Toka!"

Tulinagwe akautoa Mwili nje. Ukasimama kwenye ujia karibu na lifti, ukitazama ukuta uliobanduka rangi. Nyuma ya mlango hakukusikika kilio wala chochote. Tulinagwe alisimama hapo bila kujua kwa muda gani, mpaka Qin alipoishusha swichi na ukuta ukatoweka.

Akavua kofia. Safu nzima ilikuwa imenyamaza, watu wakikoroga uji na kusikiliza.

"Umechelewa kukata," alimwambia Qin.

"Nilikuwa nimeinama," alisema Qin. "Kamba za viatu zilifunguka." Viatu vyake havikuwa na kamba.

* * *

Tulinagwe alifukuzwa siku hiyo hiyo. Qin akahamishwa mwezi uliofuata. Hakuna aliyejua wapi. Tulinagwe akapata vipindi vya Kichina kwenye shule ya jioni pale Mwanjelwa, akiwafundisha wasichana waliotaka kufanya mtihani wa Kituo cha Ziara. Aliwafundisha vizuri. Wakimwuliza kazi ya huko ikoje, aliwaambia viti ni vya kukalia, ila mgongo unauma.

Mara nyingi alikumbuka ule mfuko wa hospitali. Kuna siku alijiambia amefanya haki. Kuna siku, akisahihisha madaftari, alijiambia kwamba amechukua miaka minne ya mtu ili nafsi yake ipumzike, na kwamba hata haijapumzika.

Simu ilikuja baada ya miezi miwili na nusu, mchana, akiwa anaanua nguo uani. Aliitambua sauti kabla haijajitaja.

"Nilitafuta nambari yako kwenye simu yangu," alisema Luo Min. "Niko Hunan."

Tulinagwe akakaa kwenye ngazi, nguo mapajani. "Umerudi."

"Nimerudishwa. Mama alikataa Mwili mwingine, na mzazi akikataa ziara mtoto anakuwa mwekundu. Wakafuta kibali changu cha kazi. Nilikuja kwa hasira, nikijiandaa kumpigia kelele. Hakunifungulia mlango siku mbili. Nililala kwa jirani. Siku ya tatu akafungua, akasema chakula kinapoa."

"Na operesheni?"

"Nilitamka mbele ya daktari siku niliyofika. Nakubali, nikasema. Mama akakataa. Daktari anasema hata hivyo sasa imechelewa."

Kuku walipita uani wakichakura. Tulinagwe aliwatazama bila kuwaona. "Ni mimi niliyechelewesha," alisema.

"Ndiyo," alisema Luo Min. Hakulisema kwa ubaya, wala hakulipunguza. "Nilikuchukia wiki kadhaa. Nilitaka kukushtaki, nikachoka kabla ya kuanza."

"Amekwambia?"

"Ameniambia. Juu ya mdogo wangu. Juu ya wale wanawake pia. Mmoja anakaa ghorofa ya pili, mpaka leo wanasalimiana kwenye lifti. Sijamsamehe. Nilimwambia hivyo. Nikadhani ataanguka. Akasema, sawa, angalau ni wewe unayesema. Tukala."

Tulinagwe alisikia upande wa pili maji yakichemka, na mlio wa kijiko kikigonga kikombe.

"Dada," alisema Luo Min, na safari hii sauti ilishuka, ikawa ya mtu aliyeona aibu. "Kuna dawa ya maumivu, ya unga. Anaitema. Nimejaribu kwa kijiko, nimejaribu kwenye uji, anaitema na kunitukana. Maumivu yanamzidi mchana. Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Tulinagwe akaziweka nguo kando.

"Usimlishe," alisema. "Hapendi kulishwa. Koroga kwenye maji ya vuguvugu, kikombe chake kile cha bati, umpe akishike mwenyewe. Halafu geuka, fanya kama unatafuta kitu kabatini. Ukimtazama hanywi."

"Nigeuke."

"Geuka kabisa. Mpaka usikie amekiweka chini kikombe."

"Ngoja," alisema Luo Min. "Usikate."

Simu iliwekwa juu ya kitu kigumu. Tulinagwe alisikia maji yakimiminwa, nyayo zikienda, sauti mbili zikisema maneno asiyoyapata vizuri, moja ya kizee ikilalamika. Kisha mlango wa kabati ukafunguliwa. Kabati liliendelea kupekuliwa, sahani zikisogezwa huku na huku bila sababu.

Bati likagusa meza.